Huyo Bado Anaimba Ndani

Baba alinitajia neno la siri la kompyuta yake akiwa kitandani hospitalini, nami nikasema "sawa" bila kulishika. Nililisikia vile mtu husikia mvua ya nyumba ya jirani. Nilijua atarudi aifungue mwenyewe kwa vidole vyake viwili, huku akinigombeza nisimpumulie shingoni.

Hakurudi. Tulimpeleka kwao magharibi tukamzika, kisha sisi tukarudi Yamumbi tunakoishi.

Kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka wazee waje kugawa nguo. Basi Mama akaifunika ile kompyuta kwa kitambaa cheupe cha kufuma, vile vya makochi, na juu yake akaweka miwani ya Baba. Ikakaa hivyo kwa kona miezi na miezi. Nikipita hapo nilikuwa napunguza hatua. Usinicheke. Mlango ukifunguliwa, upepo ulikuwa unakiinua kile kitambaa na kukishusha, kama kuna mtu anahema chini yake.

Ilikuwa kompyuta kuukuu. Baba alipewa na tajiri wake kule Elgon View, alikokuwa akitunza maua. Kwa uzee ilishaikataa Windows, basi rafiki yangu mmoja, fundi wa simu kule Cheptiret, akaiwekea Linux, mfumo mwepesi wa bure. Mimi niliota kutengenezea filamu humo, hata jina la filamu nilikuwa nalo. Baba yeye alikuwa na kazi moja tu nayo. Aliimba besi kwa kwaya ya kanisa, na alikuwa anajirekodi akifanya mazoezi peke yake, ndio asikie pale anapopotea.

Siku ya kugawa nguo, baba mdogo alichukua koti na gambuti za matope, halafu akanyoosha kidole kwa kona.

"Na hii TV, shemeji?"

"Si TV," Mama akasema. "Huyo bado anaimba ndani. Hiyo haigawanywi."

Baba mdogo akakishusha kidole. Hata mimi ninayecheka kila kitu, sikucheka.

Wageni walipoondoka, Mama akaniita. "Nifungulie nimsikie. Sauti yake imeanza kuniponyoka. Uso ninao, picha tuko nazo. Lakini jana nilijaribu kuikumbuka sauti, nikasikia ya jirani."

Nikatoa kitambaa, nikaiwasha. Ikaniuliza jina la mtumiaji na neno la siri. Yote mawili yalikuwa yameshanitoka kichwani. Nikajaribu jina la kijiji chake, la kwaya, mpaka la ng'ombe wake aliyekufa zamani. Kila mara ilinikataa kwa adabu, kisha inaniuliza tena. Mama amesimama nyuma yangu, na kila nikikosea namsikia akivuta pumzi.

Nikampigia yule fundi, simu nikaiweka spika.

"Izime, uiwashe tena. Ikianza tu, shikilia kitufe cha Shift. Itatokea menyu."

"Imetokea."

"Ingia pale pa kurekebisha mtambo, recovery, uchague root. Huyo ndiye mwenye nyumba. Mwenye nyumba habishi hodi."

Skrini ikawa nyeusi. Akanipa amri ya kwanza ya kuifungua diski iandikike, halafu ya pili, ya kuuliza ni nani wanaoishi humo ndani. Nikaandika ls /home, nikabonyeza. Kwenye ule weusi likatokea neno moja tu:

baba

Nikaondoa vidole kwenye vitufe.

"Inasema nini?" Mama akauliza.

"Inasema ni yeye."

"Poa," fundi akasema. "Sasa tunamwekea pasiwadi mpya."

"Ngoja, kijana." Mama alikuwa ameshika ile miwani. "Na ile yake inaenda wapi?"

Fundi akamjibu kwenye spika: "Inafutika, Mama. Nyimbo zake zinabaki. Tunabadilisha ufunguo tu."

"Lakini hilo ndilo neno la mwisho alimwambia huyu mtoto."

Nikafumba macho nikajaribu tena. Nikaona kile kitanda, chupa ya maji, midomo yake ikitamka. Midomo ilitamka vizuri kabisa. Haikutoa sauti. Ndipo nikajua si Mama peke yake anayempoteza.

"Badilisha," Mama akasema mwishowe. "Hilo neno hatulijui tena. Yeye bado tunamjua."

Nikaandika passwd baba, kisha neno ambalo Mama alinichagulia.

"Naandika lakini hakuna kitu inaonekana!"

"Ndivyo inafanyanga. Andika tu, inakusikia. Halafu rudia."

Nikarudia. Safari hii nilimwambia Mama naye alirudie kwa sauti. Kompyuta ikazima, ikawaka, ikatupokea.

"Imekubali?" fundi aliuliza. Mimi nilikuwa nimeshapata faili la kwanza la nyimbo na kulibonyeza.

Kiti kikakwaruza sakafu. Mtu akakohoa, na sote wawili tulikijua kile kikohozi. Kisha:

"Mama watoto! Zima hiyo redio, narekodi!"

"Haya, haya," Mama akajibu, akageuka. Akaenda jikoni, redio ilikokuwa ikipiga kelele tangu asubuhi, akaizima. Aliporudi mlangoni ndipo alijishtukia, akashika ukuta.

Kule ndani ya kompyuta pia redio ilizimwa. Nyumba ikatulia, ya kule na ya huku, ndipo Baba akaanza kuimba.