Pilipili Isiyowasha

Mama mdogo hukata hoho gunia zima kila asubuhi katika jiko la kiwanda cha nguo, lakini kwa miaka sita hakuonja hata kipande. Alipougua vidonda vya tumbo daktari alimkataza pilipili. Vidonda vikapona, katazo likabaki.

Sasa ana uvimbe kwenye kizazi unaommaliza damu kila mwezi. Upasuaji umeahirishwa mara mbili: damu yake ni nane, hospitali wanataka kumi. Akitoka kazini hupanda ngazi tatu, anakaa, anapanda tatu tena. Majirani wamezoea kumruka.

Nilimsindikiza kliniki. Muuguzi akamuuliza kama anameza vidonge vya kuongeza damu.

"Nameza. Na chai, vishuke vizuri."

"Chai inavizuia, mama. Meza na maji. Na ukila maharage, kula na kitu chenye vitamini C, mwili upate kuyafyonza yale madini ya chuma. Chungwa, au hoho mbichi."

"Hoho si pilipili, mwanangu? Nilikatazwa."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Kwani inawasha?"

"Nitajuaje? Mimi naikata tu."

Nilitaka kucheka, nikamwangalia usoni, nikaacha.

"Ni jina tu hilo," muuguzi akasema. Akatueleza kwamba hoho ya kijani, gramu kwa gramu, inalishinda chungwa kwa vitamini C, ila ikichemshwa sana nyingi inapotea. Mimi nilidhani vitamini C ni mali ya machungwa peke yake! Nikaandika kiganjani.

Nyumbani aliing'ata hoho kwa woga, akatafuna, akameza. "Kumbe ladha ya majani tu. Nimejinyima bure."

Kesho yake mpishi mkuu akamkuta anatafuna kipande. "Haya, leo mkata hoho anakula mtaji."

"Niache, baba. Hii ni dawa."

"Dawa haina mbegu, dada."

Wiki saba alimeza vidonge na maji, akala maharage na hoho mbichi, hata siku ambazo kutafuna kwenyewe kulimchosha. Tuliporudi kliniki, kipimo kilisoma kumi nukta moja. Muuguzi akampangia upasuaji Jumanne.

Mimi nilirukaruka. Mama mdogo aliegemea ukuta.

"Nitalazwa siku ngapi?"

"Tatu. Labda nne."

"Andika nne," akasema, akafumba macho.