Karanga Zilizofungwa kwa Jina Langu

Mkitaka kucheka, chekeni, ninastahili. Jumamosi sokoni Bariadi nilinunua karanga, nikakuta zimefungwa kwa ukurasa wa kitabu cha katuni: shujaa mwenye mabawa, na pembeni jina langu, Masanja, kwa peni nyekundu. Vitabu vyangu vya utotoni! Nilivyovipenda, nikasahau utu uzima. Nikamwita muuzaji mwizi mbele ya watu, mimi mwalimu mzima.

Yule mama hakupandisha hata sauti.

"Kumbe Masanja ndiye wewe? Boksi la vitabu hivi nilipewa na mama yako, kule Ipililo. Alikutunzia miaka yote. Alipokupigia simu uje uvichukue, ukamjibu achome hizo takataka."

Akanifungia karanga nyingine.

"Alishindwa kuchoma kitu chenye jina lako, mwanangu."