Meno Mawili ya Dhahabu

Miaka ya tisini nilikuwa tabibu wa meno Mpanda. Wagonjwa wengi walikuja kung'olewa tu. Siku moja aliingia mama muuza vitenge wa Kashaulili, mwenye meno mawili ya dhahabu mbele. Alivalishwa alipokuwa bibi harusi, huko Kigoma, na watu walimtambua kwa meno hayo. Wifi yake alikuwa amemsindikiza.

"Mwanangu, mdomo unanuka," alisema mama, kiganja mdomoni. "Nikipima kitambaa nageukia ukutani."

"Mteja mmoja alitafuta panya aliyekufa chini ya majora," wifi akadakia.

"Wewe umekuja kunishika mkono au kunicheka?"

Nilimuuliza anasafishaje kinywa. Akanieleza kwa fahari: meno mengine aliyapiga mswaki kila alfajiri, lakini yale mawili aliyafuta kwa kipande cha flana, asije akayakwaruza. Tangu harusi hayajaguswa na mswaki.

"Dhahabu haiozi," alisema.

Ni kweli, haiozi. Nilipoligusa la kushoto, gamba la dhahabu lililolifunika lilitoka likabaki mkononi mwangu, linang'aa kama jipya. Chini yake palikuwa na kisiki cheusi, laini kama muhogo uliolowekwa. Nilimpa kioo. Akajitazama.

Nikamweleza taratibu. Dhahabu ni bati, jino ni nguzo. Pale bati linapokutana na ufizi pana mstari mwembamba, na chakula hujificha hapo. Pasiposuguliwa, uozo huingia na kula jino kwa ndani, kama mchwa wanavyokula nguzo huku bati linameremeta.

"Mchwa gani hao wasiopiga hodi? Mbona sasa haliumi?"

"Mshipa wa ndani umeshakufa, mama. Wanakula kimya kimya."

La kushoto halikuwa na dawa zaidi ya kung'olewa. Akagusa la kulia. "Na hili? Niambie ukweli."

Nilipima ukingo wake polepole. Uozo ulikuwa umeanza, lakini kidogo, na mzizi ulikuwa imara. "Hili tutaliokoa," nikamwambia. "Nitasafisha na kuziba leo. Ila flana basi. Kuanzia sasa ni mswaki."

"Likikwaruzika?"

"Litakwaruzika kidogo. Lakini litakuwa mdomoni."

"Kuliko likang'ae kabatini kama lile la kushoto," alisema wifi. Mama akafungua kinywa nianze kazi.

Baada ya mwezi alirudi na pengo lake, wifi nyuma yake. Kabla sijamuuliza kitu, alikaa kwenye kiti, akatoa mswaki mkobani na kuanza kusugua ufizini, akinikazia macho kama mwanafunzi kwenye mtihani.

"Polepole, utalitoboa!" wifi akamwambia.

Nikainama nikatazama. Dhahabu ilikuwa imefifia, ina mikwaruzo. Ufizi haukuwa umevimba, na harufu ilikwisha.

"Hapo hapo, mama," nikamwambia. "Sasa zunguka na kwa nyuma."