Maji Yasiyokupwa

Halfani bin Makame alizaliwa pwani ya kusini, nyuma ya mikoko, kwenye uwanda mweupe ambao bahari huufikia wakati wa bamvua tu, maji makuu ya mwezi, kisha huuacha ukauke juani. Baba yake alikuwa mtu wa chumvi, naye akawa mtu wa chumvi. Aliyajua majani manene ya pale, yale yanayogeuka mekundu chumvi ikizidi. Alijua pia kwamba tope likinaswa na mizizi ya mikoko huinuka mwaka hadi mwaka, mpaka ufuko ubadilike umbo. Elimu hiyo yote aliibeba hadi Mbeya, na huko akauza kanga na mafuta ya taa miaka kumi na miwili.

Mwaka 1952 alishuka na lori kupeleka bidhaa bonde la Ziwa Rukwa. Ziwa lilikuwa limenywea, limeacha uwanda mweupe usioonekana mwisho, na kando yake chemchemi ya maji ya chumvi. Halfani akachota, akaonja, akaonja tena. Alirudi Mbeya hashikiki. Mkewe, Bi Rukia, aliyekuwa akishona nguo za watu, akauza cherehani yake ili wahamie huko na kuchimba mabwawa ya kukaushia chumvi. Alikubali shingo upande, lakini alikubali, na Halfani hakuchoka kuwakumbusha watu hivyo.

Wenyeji walikuwa na namna yao. Kazi ya chumvi ilikuwa ya wanawake, na mkuu wao alikuwa Mama Yotamu, mfupi, mkavu wa maneno. Walikwangua udongo, wakauchuja kwa maji kwenye vyungu vilivyotobolewa, wakachemsha maji yale vibandani. Kila mwaka Mama Yotamu alihamisha kibanda chake kwa kufuata nyasi. Penye nyasi fupi ngumu, udongo ulikuwa mzuri. Penye matete, udongo umeshakunywa maji baridi yasiyo na chumvi, chumvi imekwenda zake.

Halfani aliwacheka. "Chungu kimoja, siku nzima! Mimi nalala, jua linanipikia."

Na kweli, miaka mitatu jua lilimpikia. Chumvi yake ililiwa na wachimba dhahabu wa Makongolosi, na magunia mengine yakafika hadi Iringa.

Mwaka 1956 mvua za milimani zilikataa kwisha. Ziwa likaja kimyakimya, hatua chache kwa siku, likagusa ukingo wa bwawa la kwanza. Ghalani kulikuwa na magunia arobaini ya chumvi kavu, na kwa magunia hayo Rukia aliahidiwa cherehani nyingine. Mama Yotamu akaja.

"Bwana Halfani, maji hii haina kurudi. Ikija inakaa, hata miaka kumi. Huko juu iko nafasi. Hamisha mke wako, hamisha na chumvi."

"Mama Yotamu, mimi nimekua na maji. Hili ni bamvua tu. Mwezi ukipungua yatakupwa."

Mwezi ukapungua, maji yakabaki. Ukaandama mwingine. Mtu wa pwani hujua kujaa na kupwa kabla hajajua kujifunga shuka, na ni taabu kumweleza kwamba kuna maji yanayokuja bila ahadi ya kuondoka. Kufikia hapo kosa lake lilikuwa la kweli, na hakuna ambaye asingemsamehe.

Mwezi wa tatu tangu maji yaje, matete yakachipua kwenye kingo za mabwawa. Halfani aliyaona alfajiri, akaelewa mara moja kwamba maji yamekuja kukaa, na akaogopa. Badala ya kumwamsha mkewe, aliyang'oa yote, akayasukumia ziwani, akarudi ndani kunywa chai. Kesho yake akafanya vilevile. Majuma matatu mtu mzima na ndevu zake aliamka gizani kupalilia aibu. Rukia alipouliza, "Tupandishe magunia?" alijibu, "Yatakupwa."

Alasiri moja ukingo ukapasuka. Maji yaliingia ghalani yakafika kiunoni, na walipoyavuta magunia nje yalikuwa mepesi, yamebaki nguo tupu. Rukia alichukua sufuria na mkeka, akapanda kwa Mama Yotamu.

Halfani alikaa siku tano peke yake, kisha naye akapanda. Desturi ya pale ilikuwa kwamba mwanamume haingii kibandani chungu kikiwa motoni mpaka aliyewasha moto amkaribishe.

"Hodi," akasema.

Wanawake watatu walikuwa ndani. Mama Yotamu akamtazama Rukia, maana moto ulikuwa wa Rukia.

"Maji yamenidanganya, mke wangu."

Rukia aliendelea kukoroga. "Maji hayakukwambia kitu. Nilikuwa nakuona ukiyang'oa matete. Siku ya kwanza nikasema, labda ataniambia tukinywa chai. Majuma matatu nakumiminia chai, Halfani, nangoja useme."

Kupoteza chumvi kulimuuma Halfani, lakini kule kungojwa, kila asubuhi, kikombe mkononi, na mwanamke aliyekwisha kujua, kulimuuma kuliko chumvi yote.

"Hodi," akasema tena, kwa sauti ndogo.

Rukia aliongeza kuni, akaonja maji ya chungu, Halfani angali nje.