Gari la Silinda Nane la Mjane wa Timau

Mume wangu aliendesha lori la mifugo kati ya Merti na Isiolo mpaka mgongo wake ukakataa. Mbuzi chini, abiria juu, vumbi kila mahali. Magari yote aliyowahi kuendesha yalikuwa ya watu wengine. Alipostaafu, watoto wetu walikaa wakakubaliana kwamba sasa baba anunue kitu cha maana: kigari cha Kijapani kisichonywa mafuta, cha kunibebea mitungi yangu ya maziwa ya ngamia hadi sokoni. Yeye aliwasikiliza, akamaliza chai yake, kisha akasema anataka gari la Kimarekani la zamani. Milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda nane.

Mwanangu mkubwa alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Baba, hiyo ni gari ya sinema. Hapa Isiolo utaenda nayo wapi?"

"Msikitini," baba yake akajibu.

Mimi sikucheka. Nilijua tamaa hiyo ilikotoka. Kabla hajanioa, aliwahi kusaidia kusukuma gari kama hilo lililokwama mchangani karibu na Garbatulla. Mwenye gari alikuwa akienda harusini, amevaa suti nyeupe. Lilipotoka, kwa shukrani akamruhusu mume wangu akae kwenye usukani kidogo na kukanyaga mafuta. Alinisimulia jambo hilo wiki tuliyooana, tukiwa bado tunaoneana haya na hatujui tuzungumze nini. Aliniigia mlio wa ile injini kwa mdomo, mashavu yamemvimba. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyocheka nyumbani kwake.

Basi nikauza ngamia wawili, tukachanganya na akiba yake. Pesa hizo hazikutosha gari zuri. Zilitosha gari lenye kasoro, na kazi yetu ikawa kuchagua kasoro ambayo tungeweza kuishi nayo.

"Injini ikifa, hutengenezwa," aliniambia. "Viti hushonwa. Lakini chuma kikioza, gari limekufa likiwa limesimama."

La kwanza tulilikuta Nanyuki. Lilikuwa jekundu, linang'aa kama kanga mpya, na muuzaji alikuwa kijana mwenye viatu safi sana. Mume wangu alilizunguka akitabasamu hata nikaona haya kwa niaba yake. Kisha akatandika gazeti, akajilaza taratibu kwa sababu ya mgongo, akaingia chini. Alikaa huko muda. Alipotoka, uso ulikuwa mwingine. Alimshukuru yule kijana, akanishika kiwiko, tukaondoka.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Puti ya kuzibia matundu, na rangi juu yake. Chini ni kutu tupu. Ukikanyaga kwa nguvu, mguu unatokea barabarani."

Njia nzima kurudi alikunja na kukunjua lile gazeti. Niliumia kumwona hivyo kuliko nilivyoumia kuwaaga ngamia wangu.

Dereva mmoja wa lori la ngano, rafiki yake wa zamani, ndiye aliyetuelekeza kwa mama mmoja mjane huko Timau. Tulipanda huko asubuhi moja, mimi nimejifunga shali mbili kwa baridi. Gari lilikuwa kwenye kibanda cha mabati, limejaa vumbi, kuku wametagia kiti cha nyuma. Rangi yake ilikuwa ya kijani iliyochoka. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameuhamishia usukani upande wa kulia, na fundi wake hakuwa na haraka. Ilikuwa kazi safi. Mume wangu akaingia chini, akagonga hapa na pale. Safari hii nilisikia akicheka peke yake huko chini.

"Aba Warra," nikamwita. Ndivyo sisi Waborana tunavyomwita mwenye nyumba; mke hamtaji mumewe kwa jina. "Vipi?"

"Chuma ni kizima," akasema.

Yule mjane alitukaribisha chai. Alikuwa mwanamke wa Kimeru, mrefu, aliyezungumza polepole. Hakutaja bei. Aliniuliza mimi, "Mama, wewe unajua kuendesha?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui. Mzee wangu alinipeleka kanisani na hiyo gari, akanipeleka hospitali nikijifungua, akanipeleka kila mahali. Hata siku moja sikushika usukani. Alipokufa, ikakaa hapo kwa sababu hakuna mtu wa kuisogeza. Naipita kila siku kama ng'ombe wa jirani."

Akamgeukia mume wangu. "Mzee, pesa yenu nitakubali, hata kama ni kidogo. Lakini nitauza siku huyu mama atakuja kuichukua, yeye ndiye anaendesha."

Nilidhani mume wangu atakasirika. Mwanamume wa rika lake, mbele ya mke wake, anawekewa sharti. Alikitazama kikombe chake, halafu akanitazama mimi. "Utaweza?" akaniuliza. Si kwa kunidharau. Aliuliza kama anayetaka kujua.

"Nitajaribu," nikasema.

Nikajiandikisha shule ya udereva mjini, na jioni tukawa tunaazima pikapu ya mpwa wangu na kwenda uwanja ulio nyuma ya soko la mifugo. Wenzangu wa maziwa walikuja kutazama, wakakaa kwenye mitungi yao kama walio harusini. Watoto wetu walisema tunajiaibisha. Mume wangu, ambaye nilimjua kwa kufokea mbuzi, wapakizi na askari wa barabarani, hakunipandishia sauti hata mara moja.

"Klachi ni kama mtoto aliyesinzia mkononi," aliniambia. "Ukimwachia ghafla, analia. Mlaze polepole."

Nilikuwa nimelaza watoto wengi maishani. Hapo nikaelewa.

Siku moja nilikata kona vibaya nikaingia kwenye boma la miiba, mbuzi wa watu wakatawanyika. Wanawake walipiga kelele za furaha. Mume wangu alishuka, akasaidia kuwakusanya, akaomba radhi kwa mwenye mbuzi, akarudi kukaa. "Hapo uligeuka mapema kidogo," akasema. "Endelea."

Na alikuwa akiweka mkono wake juu ya wangu kwenye gia, kunionyesha njia. Sisi si watu wa kushikana mikono hadharani. Tumelea watoto, tumezika mmoja, na sijawahi kushikwa mkono na mume wangu mchana mbele za watu. Hata nilipokwisha zijua gia zote, sikumwambia aondoe.

Nilipopata leseni tulirudi Timau. Mjane alikuwa ameita fundi, betri mpya imewekwa, kuku wamehamishwa. Yeye mwenyewe alivaa kofia yake ya kanisa. Akaomba nimpeleke kwanza mpaka kanisani na kurudi. Akaketi kando yangu, mume wangu akajikunja nyuma. Injini iliponguruma, niliisikia mpaka kwenye meno. Tulikwenda polepole katikati ya mashamba ya ngano. Alishika kofia yake kwa mkono mmoja ingawa vioo vilikuwa vimefungwa.

Tuliporudi nilidhani atalia. Akaniuliza, "Kumbe ni rahisi hivi?"

"Si rahisi, mama. Tazama miguu yangu."

Alitazama magoti yangu yakitetemeka chini ya buibui, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akalipigapiga gari mara chache, kama unavyompiga ng'ombe mgongoni kumwambia aende, akaingia ndani ya nyumba.

Mteremko wa kushuka Isiolo nilishuka nikisoma dua. Mume wangu alikuwa akikanyaga sakafu ya upande wake, ambako hakuna breki. Mwanangu mkubwa alitungojea langoni. Alilitazama gari, akanitazama mimi kwenye usukani, akafungua lango. Baadaye nilimkuta na baba yake, boneti imefunguliwa, vichwa vyote viwili ndani.

Mafuta linakunywa, siwezi kukataa. Kwa hivyo twalitoa Ijumaa tu, na siku za sherehe za watu. Jirani yetu Mturkana alipoozesha binti yake, alikuja kuomba gari la kumpeleka bibi harusi kanisani. Mgongo wa mume wangu ulikuwa mbaya siku hiyo, nikaendesha mimi. Kwa kuwa milango ni miwili, bibi harusi alikaa mbele, naye mume wangu akaketi nyuma amepakata mkia mrefu wa gauni jeupe, hathubutu kusogea asije akalichafua.

Kanisa lilipoanza kuonekana, msichana akanigusa mkono. "Mama, unaweza kuzunguka kidogo? Kidogo tu."

Nikatazama kwenye kioo. Mume wangu alikuwa amezama kwenye kile kitambaa mpaka kidevuni.

"Mzungushe," akasema. "Kanisa haliendi popote."

Nikapita kona ya kanisa, nikashika barabara ya uwanja wa ndege.