Presha ya Mwanahalima

Mfaume wa Mtunda hajapata kumfokea hata kuku. Ukimkanyaga mguu, anayeomba radhi ni yeye. Mtu wa namna hiyo, eti kampa mkewe presha! Jamani!

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba imejaa Kibiti mpaka vikongwe wanavaa makoti ya Ulaya na jua linawaka. Mwanahalima, mkewe, hajafika hata miaka thelathini, akaanguka kwenye mikorosho, kichwa kinamgonga. Zahanati wakampima: presha iko juu, na vidonge haviishushi. Sasa watu wa huku, ukiwaambia mwanamke kijana ana presha, hawaulizi dawa. Wanauliza mumewe kafanya nini.

Kaka yake, Mshamu, akaja kutoka Mbuchi na wazee wawili. Wakaketi mkekani, uso kavu.

"Shemeji, tulikupa dada yetu mzima. Umemfanya nini?"

Mfaume akainamisha kichwa. Wao wakaona ndiyo amekiri. Mwanahalima alipofungua kinywa kumtetea, wakamnyamazisha, asije akaipandisha presha zaidi. Wakaondoka naye, na mtoto wao Warda mgongoni. Mfaume akabaki anaunguza ubwabwa peke yake, na machozi anayasingizia moshi.

Huko Mbuchi mume hayupo, na presha ndiyo kwanza inapaa! Mshamu akampeleka dada yake hospitali kubwa Dar es Salaam. Daktari akamsikiliza tumboni, juu kidogo ya kitovu, akasikia damu inavuma. Wakampiga picha. Kumbe mshipa unaopeleka damu kwenye figo umekuwa mwembamba. Figo ikipata damu kiduchu inadhani mwili mzima umepungukiwa, basi inalazimisha presha ipande.

"Ugonjwa huu hata watoto wadogo huwapata," daktari akasema.

"Na mumewe je?" Mshamu akauliza.

"Mumewe anaumwa nini?"

Basi! Wakambadilishia dawa, presha ikashuka, na Mshamu akamrudisha dada yake Mtunda na jogoo wa kuombea radhi. Mfaume akampokea vizuri tu, akamkaribisha chai.

Kaka alipoondoka, Mwanahalima akamgeukia mumewe kwa hasira. "Baba Warda, walinichukua mbele ya macho yako. Mbona hukusema hata neno?"

Mfaume akatazama chini. "Nilidhani kweli ni mimi ninayekuua," akasema. "Nikaona bora uende, upone."