Mama wa Kangambili

Wiki iliyopita pale Bariadi mjini, kijana mmoja alikuwa ametandaza barazani vikorokoro vya simu: chaja, spika, na kilenzi kidogo cha kubana kwenye kamera ili mdudu aonekane mkubwa. Akaanza kunielekeza kinavyotumika, taratibu, kama mtu anayemfundisha bibi yake. Nikamwacha amalize. Moyoni nilikuwa nimeshafika kwetu, nje kidogo ya Dutwa, nina miaka kumi na miwili, nimelala kifudifudi kwenye pamba yenye umande, pua inagusa jani.

Maana mimi, rafiki yangu, hiyo kazi niliianza kabla simu hazijaja.

Ulikuwa ule msimu wanunuzi binafsi walipoanza kuingia. Zamani pamba ilienda chamani, kwenye ushirika, basi. Sasa yakaja magari tusiyoyajua, kila gari na mizani yake, na watu wakawa hawaamini kitu. Baba alikuwa na jiwe lake alilolipima chamani siku nyingi. Kabla ya pamba, alilipandisha kwanza hilo jiwe kwenye mizani ya mgeni, akaikodolea macho sindano. Ukionekana na karatasi unaulizwa unamwandikia nani. Hata mama alinusa sukari ya dukani kabla ya kuitia kwenye uji.

Lakini soko huria hilo hilo ndilo lililonipa kamera. Mjomba alikuwa mpiga picha wa kuzunguka kwa baiskeli, wa harusi na komunyo. Maduka yalipojaa vitu akanunua kamera mpya yenye taa yake, na ile ya Kirusi, nzito kama tofali, akaniachia mimi. Siku hiyo alifungua lenzi, akaigeuza nyuma mbele, akaikaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili mwanga usipenye.

"Sasa usizungushe kitu," akasema. "Sogeza kichwa chako mwenyewe, mbele, nyuma, mpaka umwone. Na uende alfajiri, wadudu wakiwa bado wana baridi. Jua likiwapasha, huwapati tena."

Nilichungulia chungu mmoja, nikatoa kichwa haraka nikidhani ameniingia jichoni. Tangu hapo nikawa sina akili nyingine.

Pamba yetu ilipakana na ya jirani, mama mjane aliyeishi peke yake. Kwake kangambili walikuwa wengi, wale wadudu wekundu wenye alama nyeusi mgongoni, wanaofyonza vitumba mpaka pamba inatoka na madoa na kuitwa fifi, ya bei ya chini. "Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje mama, naye alicheka: "Haya, wapige picha hao wageni wangu, labda wataona haya waondoke." Nilibana pumzi, viwiko kwenye matope, nikisikia ng'ombe wanatolewa zizini na harufu ya moshi wa mabua inanifuata hadi pale shambani. Filamu moja niliitumia siku nyingi. Mjomba akaipeleka Mwanza kusafishwa. Picha karibu zote zilirudi nyeusi au ukungu mtupu. Moja tu ilitoka: kangambili amejaa karatasi nzima, macho kama shanga, miguu ina nywele.

Zilirudi siku ambayo kikundi cha akina mama kilikuwa zamu kwa jirani. Kwetu ndivyo tulivyovuna: leo wote shambani kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika. Jirani alikuwa ameshapika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga sufuria kubwa, na bila kikundi kile asingeimaliza pamba yake peke yake. Mimi, kwa majivuno, nikampa picha kiongozi wao, mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Nini hii?"

"Kangambili. Wa humu humu shambani kwa mayu."

"We mtoto, kangambili nawajua tangu sijaolewa. Wana nywele miguuni?"

Mwingine akachungulia begani. "Hao tunaowajua ni watoto. Huyu ndiye mama yao."

"Na yumo humu?"

"Si kasema mwenyewe? Na picha hii hapa."

"Sasa mnyama mkubwa hivi anakula nini?"

Halafu mmoja akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Labda analishwa."

Vikapu vikawekwa chini, kimoja kimoja. Jirani alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Nilikuwa mdogo, ila hilo nililijua: kwetu, mwanamke anayeishi peke yake akisemwa kwamba anafuga kitu, huo si utani, ni kuitwa mchawi. Nilishawahi kusikia wakubwa wakishusha sauti.

Nikakimbia nyumbani, nikaivua ile lenzi, nikarudi na kangambili hai kiganjani. "Mama, tazama kwa hapa. Tafadhali."

Kiongozi akanitazama mimi kwanza, sana. Akaweka jicho. Akapiga ukelele, akaruka nyuma, akatazama kiganja bila lenzi, akarudi tena. Kisha akaiweka lenzi juu ya kidole gumba chake mwenyewe.

"Mayu wee! Ndio mkono wangu huu? Umepasuka kama mbuga ya kiangazi!"

Kicheko kililipuka. Wakapanga foleni kutazama kucha, kanga, chawa wa mtoto wa mtu. Pamba ikavunwa yote siku ile. Lakini yule aliyesema "analishwa" hakutazama, na michembe hakuigusa.

Jioni jirani aliniomba picha, na mkanda wake wa filamu pia. Nikadhani anataka kuitundika ukutani. Akavitia motoni chini ya sufuria, akasubiri mpaka vikajikunja vyote. "Usinipigie tena kitu changu, mwanangu," akasema, akaniongezea karanga.

Vikundi vile havipo tena, siku hizi wavunaji ni vibarua. Mjomba ametangulia, na kamera iliota kutu. Jirani naye aliondoka kabla ya msimu uliofuata, akaenda Zagayu, na shamba lake likaliwa na ng'ombe. Kila nikiuliza naambiwa alitaka tu kukaa karibu na kaka zake. Nimeuliza watu wengi, kwa miaka mingi, na wote wananijibu kwa maneno yale yale.